Dada anapewa madini ya chuma, mdogo wetu anatolewa madini ya chuma. Chuma ni dawa au sumu?

DadaWaKati ameandika:

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni.

Nina jambo linanitatiza, nimeona nilete hapa kabla sijagombana na mama.

Nyumbani tuko watatu, mimi wa kati. Dada yangu hedhi yake ni nyingi kupita kiasi, na inakaa siku nane. Mwezi uliopita alianguka bafuni. Kupimwa, himoglobini 7.1, na kipimo kingine cha akiba ya chuma, kinaitwa ferritini, kikasoma 6. Akaandikiwa vidonge vya madini ya chuma.

Mdogo wetu wa kiume ana miaka 14, ana selimundu. Alipata kiharusi akiwa na miaka 12, na tangu hapo anaongezewa damu kila baada ya wiki nne. Wiki iliyopita himoglobini yake ilikuwa 8.4. Ferritini: 2,860. Nilidhani wamesahau nukta. Daktari akasema hawajasahau kitu, chuma kimemjaa, na akamwanzishia deferasiroksi, kile kidonge cha kuyeyusha kwenye maji asubuhi kabla hajala, ili chuma kitoke.

Sasa kwa mama, watoto wote wawili "hawana damu", basi. Juzi nimemkuta ameshika kidonge cha dada mkono mmoja na glasi ya maji mkono wa pili, anamwita mdogo aje anywe "cha kuongeza damu". Nikamzuia. Akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Chuma ni hicho hicho. Kwa mmoja kiwe dawa, kwa mwingine kiwe sumu, kivipi?"

Naomba anayejua anieleze kwa maneno ambayo na mimi nitaweza kumfikishia mama. Nawasilisha.

---

FundiDarubini amejibu:

Marahaba mwanangu.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Nimekaa maabara miaka 31, nimestaafu nikiwa na shingo mbovu na jicho moja zima. Kwa hiyo nitakujibu kwa nilichokiona kwenye vioo vya darubini, na habari za dozi watakuja wenye nazo.

Mama yako ameuliza swali zuri kuliko wanafunzi wengi waliopita mikononi mwangu. Alipoteleza ni mahali pamoja tu, na hapo tunateleza sote kwa sababu ya maneno tunayotumia. Tunasema "upungufu wa damu" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Dada yako kiwanda chake kizima, kimekosa malighafi. Mdogo wako malighafi anayo tele, ila chembe nyekundu zinazotoka ni mbovu, zinavunjika baada ya wiki mbili tatu badala ya kuishi siku 120. Kumpelekea huyu wa pili malighafi zaidi ni kumjazia ghala ambalo milango yake haifungiki tena.

Ningekuwa na darubini karibu ningemkalisha mama yako mbele yake nikanyamaza. Kuna rangi tunayotumia kutafuta chuma. Unachukua kioo kilichopakwa uboho, ule ute wa ndani ya mfupa damu inakotengenezwa, unakifunika kwa mchanganyiko wa asidi na ferosianidi ya potasiamu, unasubiri dakika zake, unaosha, unaangalia. Palipo na akiba ya chuma panageuka buluu. Kioo cha mtu mwenye ferritini ya 6: pinki, pinki, pinki. Unasogeza huku na huku, unaongeza ukuzaji, unaanza kudhani umekosea kuchanganya dawa, unarudia. Hakuna hata punje ya buluu. Halafu unaweka kioo cha mtu aliyeongezewa damu miaka miwili: buluu imekaa mabonge mabonge, kama wino uliomwagikia shuka. Na fomu zote mbili zimeandikwa neno moja, anemia.

(Buluu hiyo inaitwa buluu ya Prussia, ni rangi ya wachoraji, na yenyewe ni chuma kilichofungwa na sianidi. Inatolewa pia kama dawa. Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazil, watu walivunja mashine ya mionzi iliyotelekezwa, siaziamu ya mionzi ikawaingia mwilini. Walimezeshwa buluu ya Prussia, ikawa inainasa siaziamu tumboni na kutoka nayo chooni. Naondoka kwenye mada, najua. Mke wangu husema hivyo hivyo.)

Turudi kwenye hesabu, maana bila hesabu mama hataelewa kwa nini 2,860.

Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 za chuma mwili mzima. Uzito wa msumari mdogo. Kama theluthi mbili zimo kwenye himoglobini. Kila siku utumbo unaingiza miligramu 1 au 2 tu, na kiasi hicho hicho kinapotea kwa ngozi na utando wa tumbo unaobanduka. Chuma kinachotumika siku kwa siku kutengeneza damu, miligramu 20 hivi na ushee, kinatoka kwenye chembe kuukuu zilizovunjwa. Mwili unakitumia tena na tena.

Na hapa ndipo penyewe: mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi. Chumvi ikizidi, figo zinaitoa. Maji yakizidi, unakwenda haja. Chuma hakina mlango wa kutokea. Njia pekee kubwa ni kuvuja damu, na kila mililita moja ya damu nzima inaondoka na nusu miligramu hivi. Dada yako, siku nane kila mwezi, ndiye aliyefunguliwa mlango huo wazi kabisa. Mdogo wako mlango wake umefungwa, halafu kila wiki nne anashushiwa chupa ya damu yenye miligramu 200 hadi 250. Gawanya mwenyewe kwa miligramu 1 ya kupotea kwa siku. Chupa moja inahitaji zaidi ya miezi sita kutoka, na kabla ya wiki nne imeshakuja nyingine. Kwa mwaka anaingiziwa karibu chuma chote alichonacho mtu mzima.

Sasa kwa nini kizidipo kiwe sumu? Kwa sababu ya kazi yake yenyewe. Chuma ni mwepesi wa kutoa elektroni na kuipokea. Wepesi huo ndio unaokifanya kifae kubeba oksijeni na kuendesha vimeng'enya, zile protini zinazoharakisha kazi za mwili. Lakini chuma kikiwa peke yake, hakijashikwa na kitu, kinakutana na peroksidi ya haidrojeni ambayo seli huitengeneza kila siku, na kinazaa kipande kimoja kikali mno kinachochana mafuta ya kuta za seli, protini, hata DNA. Mwingereza Fenton aliandika habari za mchanganyiko huo mwaka 1894, hata hakuwa na habari na ini la mtu.

Ndiyo maana mwili hauachi chuma kitembee peke yake. Kwenye damu kinapakiwa transferini, pikipiki yenye viti viwili. Ghalani kinawekwa ndani ya ferritini, mpira wa protini wenye uvungu, unaoweza kumeza atomi hadi 4,500. Kwa mtu mzima wa afya, theluthi moja tu ya viti vya pikipiki vimekaliwa. Kwa mdogo wako viti vimejaa vyote, abiria wamebaki barabarani, na abiria hawa wana viberiti mfukoni. Wanaingia kwenye ini, kwenye moyo, kwenye kongosho, kwenye tezi za ukuaji, penye mlango wowote ulio wazi.

Mwambie mama hivi: chuma cha dada na cha mdogo ni kimoja. Asiulize kipo kiasi gani tu, aulize nani amekishika. Deferasiroksi ni mikono ya kuazima. Molekuli mbili zake zinakumbatia chuma kimoja, zinakisindikiza hadi kwenye nyongo, kinatoka na choo. Daktari amemtengenezea mlango ambao maumbile hayakumpa.

---

Kapteni_Mstaafu amejibu:

Nilipita kusoma tu. Ila hilo la metali kuwa dawa na sumu kwa pamoja limenigusa, tena pabaya, maana mimi nilikuwa na saratani ya korodani.

Nilitibiwa kwa platini. Platini kabisa, ile ya mapete. Dawa inaitwa sisplatini. Kabla ya kutundikiwa nilikuwa nashushiwa maji ya chumvi masaa kadhaa, na nesi mmoja mkali anapima mkojo wangu kwenye jagi kama muuza mafuta. Usipokojoa vya kutosha, dawa haiji. Nilikuwa namchukia. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa analinda figo zangu.

Jambo moja lilinishangaza hadi leo. Platini ilifanya figo zangu zimwage magnesiamu. Vidole vikaanza kukakamaa, midomo inachezacheza yenyewe. Wakanitundikia magnesiamu kwenye dripu. Yaani metali moja inaingia, inafukuza nyingine, inabidi ya pili irudishwe. Masikio nayo yalianza kulia kama nyenje na hayajaacha. Miaka kumi na tatu. Nimewazoea nyenje wangu.

Daktari wangu aliniambia dawa yenyewe iligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg na wenzake, chuo kikuu cha jimbo la Michigan, walikuwa wanatafuta kama umeme unagusa kugawanyika kwa seli. Wakaweka elektrodi za platini kwenye chombo chenye bakteria. Bakteria wakaacha kugawanyika, wakawa wanarefuka tu kama tambi, hadi mara 300 ya urefu wao. Kumbe umeme haukuwa na lolote. Elektrodi zilikuwa zinalika kidogokidogo, na kilichotoka humo ndicho kilichozuia. Mwaka 1978 ikaruhusiwa Marekani kama dawa.

Mdogo wako mpe salamu. Mwambie Kapteni naye alipitia mambo ya chupa na sindano.

---

MfamasiaZamu amejibu:

Mzee Fundi kamaliza sehemu kubwa, mimi naongeza ya dirishani kwetu, haraka maana niko zamu.

Kwa dada yako. Kidonge cha kawaida cha miligramu 200 za feri salfeti kina chuma chenyewe kama miligramu 65, na sehemu kubwa inapita bila kuingia. Anywe tumbo likiwa tupu akiweza. Chai, kahawa, maziwa na dawa za kiungulia visikaribiane nacho, vinakizuia. Choo kitakuwa cheusi, asiogope. Na si lazima kila siku: ini lina homoni inaitwa hepsidini, ukimeza chuma inapanda na kufunga mlango wa utumbo kwa kama siku nzima. Kwa watu wengi siku moja kumeza, siku moja kupumzika, kunaingiza vizuri na tumbo linauma kidogo. Amuulize daktari wake kabla hajabadilisha.

Akiwa anameza dawa nyingine aseme. Chuma kinashikana tumboni na antibiotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini, na levothairoksini ya tezi ya shingo, na dolutegraviri ya VVU, na mgonjwa anabaki anameza dawa isiyofika kwenye damu. Tunapanga masaa, inawezekana kabisa.

Muhimu kuliko yote hayo: kama kuna mtoto mdogo nyumbani, funga vidonge hivyo. Vina rangi nzuri na sukari juu. Kwa mtoto wa kilo 10, vidonge tisa au kumi tu vinaweza kumuua. Nimeshuhudia mmoja akiletwa anatapika damu. Alipona, lakini sitaki kuona tena.

Na lingine kwa mama: hata mtoto asiye na selimundu hapewi chuma kwa kukisia. Mwili ukiwa na maambukizi hepsidini inapanda makusudi, chuma kinafichwa ili vijidudu visikipate, maana navyo vinakihitaji kama sisi. Utafiti mkubwa wa Pemba uliochapishwa 2006 kwenye jarida la Lancet uliwapa watoto wadogo chuma na foliki kila siku mahali penye malaria nyingi. Waliopewa wakalazwa zaidi na kufariki zaidi, ikabidi kusimamisha. Waliokuwa na upungufu wa chuma hasa ndio walionufaika. Ndiyo maana tunasema pima kwanza.

---

AfyaAsili_Safi amejibu:

Poleni, ila mnazunguka tu. Chanzo cha magonjwa yote ni metali nzito zilizojaa mwilini. Kuna dripu ya kusafisha metali ZOTE, mara kumi tu unakuwa mpya. Pia bangili ya shaba inavuta chuma kibaya. Mwenye uhitaji aje inboksi. Huyo mtoto hata deferasiroksi hahitaji.

---

FundiDarubini amejibu:

Wewe wa dripu ya kusafisha metali zote, ngoja nikusimulie.

Mwaka wangu wa pili kazini ililetwa sampuli ya kupima kalsiamu na potasiamu. Mashine ikatoa kalsiamu karibu na sifuri, potasiamu juu ya kiwango kinachosimamisha moyo. Kwa karatasi ile, mgonjwa alikuwa maiti. Nikakimbia wodini na kandambili za maabara. Nikamkuta mama wa watu amekaa kitandani, anasuka ukili, ananiuliza mbona nahema.

Kilichotokea: mtu alikosa damu ya kutosha kwenye kichupa chake, akamiminia kutoka kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Kile cha zambarau ndani yake kuna EDTA yenye potasiamu. Kazi ya EDTA ni kukamata kalsiamu, yote, na damu isiyo na kalsiamu haigandi. Ndivyo tunavyoiweka majimaji hadi ipimwe. Ilikuwa imeinyakua kalsiamu yote ya sampuli, na kuacha potasiamu yake pale.

Hiyo ilikuwa ndani ya kichupa, na aliyeumia ni mimi na mapafu yangu. Sasa EDTA ni mojawapo ya vitu vinavyotiwa kwenye hizo "dripu za kusafisha". Ipo ya aina inayokuja tayari imeshika kalsiamu, hiyo ni dawa halali ya sumu ya risasi, hospitalini, kwa vipimo. Ipo nyingine isiyoshika kalsiamu, ambayo ikiingia kwenye mshipa inaichukua ya kwako. Marekani, kati ya 2003 na 2005, waliripotiwa watu watatu waliokufa kwa kalsiamu kuporomoka baada ya kutiwa dawa ya namna hiyo. Wawili walikuwa watoto. Yale niliyoyaona kwenye karatasi, wao yaliwapata mwilini.

Hakuna dripu inayojua metali "mbaya". Kobalti ni sumu? Kobalti imo katikati ya vitamini B12, bila hiyo huna damu wala fahamu za miguuni. Dorothy Hodgkin alipata tuzo ya Nobel mwaka 1964, na moja ya kazi zilizompa ni kuchora umbo la molekuli hiyo, kobalti ikiwa imekaa katikati kama mwari. Zinki imo kwenye vimeng'enya zaidi ya 300. Ukisafisha zote unamsafisha mtu duniani.

Na usidhani ni kuzidisha ndiko salama. Nilipata kuona kioo cha uboho cha bwana mmoja aliyekuwa anameza vidonge vya zinki kwa miezi, vingi, kwa ushauri wa rafiki. Damu imeshuka, amepewa chuma, haipandi. Nikapaka ile rangi yangu ya buluu. Nikaona chembe changa zimezungukwa na pete: vipunje vya buluu vimejipanga kukizunguka kiini, duara kabisa, utadhani mtu amekaa na sindano akatia shanga. Nzuri ajabu, na mbaya ajabu. Chuma kipo, kimefika mlangoni mwa kiwanda, hakiingii kazini. Zinki ikizidi tumboni inaizuia shaba kuingia, na bila shaba chuma hakitumiki ipasavyo. Walimwachisha zinki, wakampa shaba, damu ikapanda yenyewe. Upungufu wa damu wa aina ya tatu huo, mwanangu, na chuma hakina kosa.

(Ujanja huo huo madaktari wanautumia kwa faida. Kuna ugonjwa wa Wilson, shaba inajaa kwenye ini na ubongo hadi jicho linaota pete ya kahawia kuzunguka sehemu yake ya rangi. Moja ya dawa zake ni zinki.)

Bangili ya shaba haivuti chuma. Inageuza ngozi kuwa kijani tu.

Kapteni, pole na nyenje. Hiyo dawa yako ina pacha. Atomi ni zilezile: platini moja, klorini mbili, amonia mbili. Kwenye yako klorini zote ziko upande mmoja, ndiyo maana inaweza kuibana DNA kwa mikono miwili iliyo jirani. Kwenye pacha wake zimekaa pande zinazotazamana, na saratani haijali. Metali ni moja, aliyeishika ni walewale, wamebadilisha viti tu.

---

DadaWaKati amejibu:

Mzee wangu ahsante sana, na wengine wote. Nimemsomea mama uzi mzima. Alicheka kwenye abiria wenye viberiti, halafu akanyamaza muda mrefu. Akauliza: "Kwa hiyo zile chupa nilizokuwa nashukuru Mungu kila zikipatikana, zilikuwa zinamuumiza?" Nikashindwa.

Na lingine. Mdogo kuna kidonge anakunywa kila siku tangu zamani, cha foliki. Hicho ni sawa?

---

FundiDarubini amejibu:

Mwambie mama aendelee kushukuru. Baada ya kiharusi, chupa zile ndizo zinazozuia kingine. Chembe za aliyechangia ni laini, haziwi mundu, zinapita kwenye mishipa ya ubongo bila kuziba. Chuma ni mzigo unaokuja na mgeni, na sasa mzigo una wa kuutoa. Asiguse ratiba ya damu wala ya deferasiroksi.

Foliki si metali, ni vitamini. Watu wa selimundu hupewa kwa sababu wanatengeneza damu mpya haraka mno. Ila nisomee pakiti. Yote.

---

MfamasiaZamu amejibu:

Nilikuwa nataka kuuliza hilo hilo. Soma nyuma ya karatasi ya fedha, palipo na maandishi madogo. Kidonge ni cha rangi gani?

---

DadaWaKati amejibu:

Chekundu cha kahawia. Nyuma kumeandikwa feri salfeti na asidi ya foliki, pamoja. Chuma miligramu 60.

Anakunywa kila siku, pakiti hii tulinunua miezi mitano iliyopita zile za njano zilipoisha. Mimi ndiye niliyenunua. Niliomba "foliki", nikapewa hizi, nikaona neno foliki nikaridhika.

---

MfamasiaZamu amejibu:

Pumua kwanza. Kosa hili linatokea sana, zile za pamoja ndizo zinazotolewa kliniki za wajawazito na majina yanafanana. Tena aliyekupa dirishani alipaswa kukuuliza ni za nani.

Hicho chekundu cha kesho msimpe. Deferasiroksi aendelee kama alivyoandikiwa, msipunguze wala kuongeza. Pakiti hiyo uipeleke kliniki kama ilivyo, usiitupe, daktari anahitaji kujua miezi na kiasi. Mwombe aandike foliki peke yake, ile ya njano. Na muulize lini mara ya mwisho figo na ini vilipimwa, maana deferasiroksi inataka vipimo hivyo mara kwa mara, pamoja na macho na masikio kila mwaka.

---

FundiDarubini amejibu:

Usijilaumu mwanangu. Chuma kingi alichonacho kimetoka kwenye chupa, miaka miwili, na mlango wa utumbo ulikuwa unazuia sehemu kubwa ya hicho cha kidonge. Lakini ilikuwa kama mmoja anafua maji chomboni na mwingine anayarudisha kwa kata ndogo. Sasa umemnyang'anya kata.

Ferritini waipime tena baada ya miezi mitatu hivi, na asiwe na homa siku hiyo. Homa inaipandisha hata kama chuma hakijaongezeka, utapata namba ya kukutisha bure. Kama wana MRI ya kupima chuma cha ini na moyo, waulize. Ile haidanganywi na homa.

---

DadaWaKati amejibu:

Tunakwenda kesho asubuhi, mama anakuja pia. Pakiti ameiweka mwenyewe kwenye mkoba, na vidonge vya dada amevihamishia juu ya kabati.

Ameniambia nimuulize mzee Fundi kama ule wino kwenye shuka ukitoka, kioo kinarudi pinki.

---

FundiDarubini amejibu:

Taratibu sana. Miaka, si miezi. Lakini nimeviona vikirudi.